Transponda ya Daktari

Baba hanipigii simu bila sababu. Anayenipigia kunijulia hali ni Mama. Baba hupiga kuuliza jambo, akishajibiwa anakata. Kwa hivyo Jumapili ile simu ilipowaka jina lake saa tano asubuhi, nikiwa bado kitandani, nilijua tu kuna mtu amefariki.

"Uko na kazi nyingi?" akauliza.

"Si nyingi."

Ukweli ni kwamba sikuwa nayo hata moja. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikilipia keja yangu kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, mimi niliyeacha chuo nikiwasaidia wenzangu kupata digrii, ukurasa kwa ukurasa, hadi mashine zikajifunza kuandika na wateja wakatoweka mmoja mmoja bila hata kuaga.

"Basi kuja nyumbani," Baba akasema. "Nataka unisomee kitu."

Baba ana presha ya macho. Iligunduliwa ikiwa imechelewa, na kilichoharibika hakirudi. Anaona mbele yake kama mtu anayechungulia kwenye mrija; pembeni hakuna kitu. Akisoma, neno moja huonekana vizuri kabisa, lakini akitafuta linalofuata mstari umeshamponyoka. Gazeti aliliacha zamani. Jedwali la vipimo vya kiufundi, lenye safu sita na tarakimu ndogo kama mchele wa kusagika, haliwezi kabisa. Na hilo ndilo lililokuwa limetandazwa mezani kwake pale Nairobi West nilipofika.

Kwa miaka 31 Baba alikuwa fundi wa redio za ndege pale Wilson. Nikiwa mdogo alinipeleka karakana Jumamosi, nikakaa juu ya kreti ya soda nikimwangalia akichomelea nyaya nyembamba kuliko unywele. Uhandisi wa ndege niliuomba kwa sababu yake, au kwa sababu alikuwa ameshawaambia watu wote kanisani. Sijawahi kuzitenganisha hizo sababu mbili. Mwaka wa tatu nikaacha. Sitaeleza kwa urefu, maana kila msimu humu kuna mtu anayesimulia alivyoacha chuo, na wengine wamesimulia vizuri kuniliko. Karo ilichangia. Hesabu za mwendo wa hewa zilichangia zaidi. Baba hakunigombeza hata siku moja. Aliacha tu kuniambia habari za ndege, na kwa nyumba kama yetu hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha.

Sasa ndege zilikuwa zimerudi mezani, na mwenye ndege alikuwa ameketi kwenye kiti changu cha zamani akinywa chai.

Nitamwita Daktari, kama Baba anavyomwita. Ni daktari wa mifugo wa Naivasha, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye Cessna 182 ya mwaka 1976 ambayo huitumia kuwafikia ng'ombe wa watu huko Laikipia. Baba alikuwa ameitengeneza redio yake mara nyingi kuliko alivyokwenda harusini. Daktari alikuja kumwomba amchagulie kifaa cha kuonekana na kuwaona wenzake angani. Baba akamwambia amestaafu na haoni. Daktari akamjibu, "Fundi, sitaki macho yako, nataka kichwa chako. Macho tutaazima." Macho ya kuazima yakawa mimi.

Bajeti ilikuwa laki sita, kila kitu ndani: kifaa, ushuru, kazi ya fundi na cheti.

Kilichomsukuma Daktari kila mtu wa Nairobi anakikumbuka. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 yenye watu 44, iliyokuwa imetoka tu Wilson kwenda Diani, iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Waliokuwa ndani ya Cessna, mwanafunzi na mwalimu wake, walikufa wote wawili. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye roshani yangu Highrise nikianika nguo, na kutoka ghorofa ya sita naiona Wilson kama sahani. Sikuona chochote. Habari nilizipata kwa WhatsApp kama watu wote. Chanzo cha ajali ni kazi ya wachunguzi, sitakigusa. Lakini anga lile nalijua kwa macho: mwanafunzi anazunguka na Cessna yake, nyuma yake Caravan imebeba watalii wa Mara, kando helikopta, na juu yao wote ndege kubwa zikishuka kwenda JKIA.

"Kwani hawaangalii dirishani?" nilimuuliza Baba. Lilikuwa swali la kijinga lakini nilikuwa nimelibeba tangu Machi.

Baba akavuta kikombe cha Daktari na bakuli la sukari. Akavisogeza taratibu, kila kimoja kwa mkono wake, vikiekea pembe moja ya meza. "Ndege inayopita mbele yako inatembea kwenye kioo. Jicho linaikamata kwa sababu inatembea. Ile ambayo mtakutana nayo haitembei. Inakaa pale pale kama kinyesi cha nzi, ndogo, ndogo, ndogo. Halafu mara moja inajaa kioo chote." Kikombe kikagonga bakuli. Daktari akakichukua chai yake haraka. "Na ya Daktari ina bawa juu. Akikata kona, bawa linashuka upande ule ule anaokwenda. Anafunikwa macho anapoyahitaji."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne anielezee kitu.

Nikafungua laptopu, tukaanza. Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa sababu bila hiki kipande mengine hayataeleweka.

Ndege ndogo nyingi zina transponda. Rada ya chini huuliza kwa masafa ya megahezi 1030, transponda hujibu kwa 1090. Katika Modi A hujibu namba nne tu ambazo rubani amezipiga, kila tarakimu kuanzia 0 hadi 7. Katika Modi C huongeza urefu wa ndege. Modi S huongeza anwani ya ndege yenyewe, ambayo hakuna ndege nyingine duniani iliyo nayo. Kisha kuna ADS-B, ambayo haingoji kuulizwa. Ndege hujua mahali ilipo kwa GPS na kupiga kelele yenyewe, mara kadhaa kila sekunde: mimi ni fulani, niko hapa, urefu huu, naenda huku. Kupiga kelele ni kifaa kimoja. Kusikia kelele za wengine ni kingine. Watu huvichanganya hivi viwili, na wauzaji hawana haraka ya kuvitenganisha.

Ndege ya Daktari ilikuwa na KT 76A, transponda kongwe ambayo utaikuta kwenye Cessna nusu ya dunia. Ndani yake mna taa ya zamani inayohitaji kupata moto kwanza, na huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Baba alikuwa ameifufua mara tatu.

"Daktari," Baba akauliza, "kile kitufe cha kuzungusha huwa unakiacha wapi?"

"Kwa ON."

"Kila siku?"

"Si imewaka?"

Baba akanyamaza kiasi kwamba nilidhani hajasikia. KT 76A ina sehemu ya ON na sehemu ya ALT. Ukiiacha kwenye ON inajibu namba peke yake, bila urefu. Waongozaji wa Nairobi humkumbusha wakigundua, lakini huko ranchini hakuna wa kumkumbusha. Na kile kifaa cha kuepusha migongano kwenye ndege kubwa, TCAS, hutegemea majibu hayo hayo: kikijua urefu wako kinaweza kumwambia rubani apande au ashuke, kisipoujua kinaweza tu kumwonyesha kwamba kuna mtu mahali fulani. Baba akamsimulia Cerritos, California, tarehe 31 Agosti 1986: Piper ndogo iliyokuwa na transponda isiyotoa urefu iligongana na DC-9 ya abiria, watu 82 wakafa, 15 kati yao wakiwa chini ardhini. Baada ya hapo Wamarekani walibana sheria za transponda na TCAS.

"Kwa hivyo ushauri wa kwanza," Baba akasema, "ni kuzungusha kitufe. Huo ni bure."

Daktari akacheka, lakini aliandika kwenye kiganja kwa kalamu: ALT.

Wiki hiyo nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya chuoni. Nilisoma miongozo, nikalinganisha bei, nikaangalia wazungu wenye kofia wakieleza vifaa kwenye YouTube, na Alhamisi nikapata jibu. Kifaa kidogo, cha Kimarekani, kinachochukua mahali pa taa ya ncha ya bawa. Unatoa taa, unafunga chenyewe, kazi ya asubuhi moja. Hakuna kukata dashibodi wala kupitisha nyaya mpya. Bei yake ilikuwa imo ndani ya bajeti na chenji inabaki. Daktari ana mpwa Texas ambaye angekileta kwenye sanduku la nguo. Nilijisikia kama nimefaulu mtihani ambao sikuwa nimeufanya. Nikampigia Daktari kabla ya kumwambia Baba, na Daktari akasema atatuma pesa Jumatatu.

Jumamosi nikamsomea Baba maelezo yake, nikiwa na ile sauti ya mtu anayengoja kusifiwa. Nikapita uzito, nikapita umeme kinaotumia, nikapita masafa.

"Rudi nyuma. Soma tena hiyo namba."

"Megahezi 978."

"Sio 1090?"

"978."

Akaweka mikono yote miwili mezani. "Hicho ni cha kwao."

Na kweli. Marekani ina njia mbili: 1090 kama dunia yote, na 978 kwa ndege ndogo zinazoruka chini ya futi 18,000. Kule kuna vituo vya ardhini vinavyopokea huku na kutangaza tena kule, ili wa 978 na wa 1090 waonane. Vituo hivyo ndivyo pia humtumia rubani ndege ambazo rada imeziona. Huku kwetu kifaa kile kingekuwa kinapiga kelele usiku na mchana kwa lugha isiyosikizwa na mtu. Daktari angeruka akiamini anaonekana, na kuamini hivyo ni kubaya kuliko kujua kwamba huonekani.

Namba hiyo nilikuwa nimeiona mara ishirini. Sikuwa nimeisoma.

Nilimpigia Daktari nikiwa jikoni, Mama akijifanya hasikii. Alisema, "Sawa, msichana wangu, afadhali sasa." Baba hakusema kitu. Alininyooshea karatasi iliyofuata, nikasoma.

Tulizunguka vifaa vingi baada ya hapo na sitawachosha na vyote. Kuna SkyEcho, kisanduku cha kubandika kwenye kioo, kinachopendwa sana Uingereza, ambako serikali ilifika kuwarudishia marubani sehemu ya bei. Kinatoa na kupokea ADS-B, na unaweza kukihamisha ndege moja hadi nyingine. Lakini nguvu yake ni wati 20, wakati transponda kamili nyingi zina mia mbili au zaidi, na haijibu inapoulizwa, kwa hivyo TCAS ya ndege kubwa haikioni. Mkiwa ndege ndogo tupu na wote mnazo, ni kizuri mno. Wilson si hivyo.

Kuna FLARM, iliyoanzia Uswisi kwa ajili ya ndege zisizo na injini zinazozunguka milimani. Ile aina yake kubwa husikia hata transponda za zamani, lakini hizo haijui ziko upande gani. Hukadiria umbali kwa nguvu ya sauti na kukuchorea duara. Yaani kuna mtu karibu, tafuta mwenyewe. Baba alilipenda hilo duara. Alisema ni kifaa kinyoofu, kinakuambia kinachojua na kunyamaza kwa kisichojua.

Kuna mitambo inayouliza yenyewe kama TCAS ndogo, na kwa anga letu lenye transponda nyingi za zamani hiyo ndiyo dawa hasa. Bei yake ni ya gari. Tulipita kimya, kama mtu anavyopita mbele ya duka la viatu Januari.

Na kuna zile tableti zinazoonyesha ndege zote kwa rangi. Daktari alizitaka sana. Hapo nilikuwa na la kusema, kwa sababu hapo nilikuwa na ushahidi. Kitu pekee nilichotoka nacho chuoni ni Raspberry Pi na kipokezi cha USB cha kunasia televisheni, cha mradi ambao sikuumaliza. Nilikuwa nimeviweka kwenye roshani na antena ya waya wa sentimita 6.9, robo ya wimbi la 1090, na programu ya bure. Siku mbili mfululizo nilikaa pale na daftari, nikihesabu ndege zinazotoka Wilson kwa macho na zinazotokea kwenye skrini. Za mashirika zilitokea zote. Cessna za wanafunzi zilikuwa zikinipita juu ya kamba ya nguo, nasoma namba ya 5Y ubavuni, na kwenye skrini hakuna kitu. Nikampelekea Daktari picha mbili za dakika moja: anga yenye ndege, na ramani isiyo nayo.

"Sasa hii itanisaidia nini?" akauliza.

"Itakuonyesha wale ambao tayari wanaonekana."

Baba akageuza uso wote kunitazama, maana asipougeuza wote hanioni.

Tulichochagua mwishowe ni cha kawaida kabisa: transponda ya Modi S kutoka Scotland, Trig TT31, iliyotengenezwa iingie kwenye nafasi ile ile ya KT 76A bila kubomoa dashibodi, pamoja na GPS yake iliyoidhinishwa kwa ajili ya ADS-B. Garmin iliyo na kila kitu ndani, kutoa na kupokea, ingekuwa bora, na mwenye pesa asisite. Kwa laki sita Daktari aliweza kuonekana. Kuona angeendelea kuona kwa macho yake na redio, hadi ng'ombe wa watu waugue zaidi. Huo mzaha ni wake.

Kisha tukaja kwenye swali la kufuatiliwa, ambalo mimi nililidharau. ADS-B husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukishuka nyuma ya mlima, umekwisha. Mwezi Juni 2018, Caravan iliyotoka Kitale kuja Nairobi jioni, na watu kumi ndani, ilipotea kwenye Aberdare, na mabaki yake yakaonekana asubuhi ya siku ya tatu. Daktari huruka kandokando ya milima hiyo hiyo. Baba akashauri kifaa cha setilaiti cha mkononi, kile cha wapanda milima, kinachoacha alama njiani kila baada ya dakika kadhaa na kuwa na kitufe cha SOS. Daktari akasema ana ELT kwenye mkia, ya nini tena?

ELT ni kile kisanduku kinachojiwasha ndege ikianguka. Zile za zamani hutangaza kwa 121.5 peke yake, na setilaiti ziliacha kuzisikiliza tarehe 1 Februari 2009. Ya Daktari ilikuwa ya kisasa, ya 406. Nikamsomea Baba lebo kwenye picha: betri imebakisha miezi minne. Baba akaniambia niisome na fomu ya usajili, kwa sababu ishara ya 406 ikifika, waokoaji huanza kwa kupiga simu iliyoandikwa pale.

Nikasoma jina la wa kupigiwa. Nikasoma namba.

Daktari akaweka kikombe chini. Ni namba ya mkewe. Mkewe alifariki mwaka wa pili wa Korona, na Mama alikwenda mazishini.

"Bado nailipia," akasema baada ya muda. "Ile laini. Naweka mkopo wa simu kila mwezi isifungwe."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani. Baba hakumwambia pole, wala kwamba ni vizuri kuibadilisha. Alimuuliza tu, "Binti yako yuko na namba ile ile?" Daktari akaitaja kwa kichwa, nikaiandika.

Kifaa kilifika baada ya wiki saba, na tano kati ya hizo kilikaa forodhani, hadithi ambayo haina jipya kwa Mkenya. Leseni ya Baba ilishaisha, kwa hivyo aliyefunga na kusaini ni kijana wake wa zamani, ambaye sasa ana miaka arobaini na kitambi na bado anamwita Mwalimu. Baba alikaa hangani kwenye kiti cha plastiki. Kabla dashibodi haijafungwa aliomba aingize mkono, akapapasa nyuma ya kisanduku, kiungo baada ya kiungo, kama mama mboga anavyochagua parachichi. "Hiki kikaze kidogo," akasema. Kilikuwa kimelegea.

Asubuhi Daktari aliporuka kurudi Naivasha mimi nilikuwa kwenye roshani, laptopu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Baba alikuwa nyumbani. Saa mbili na dakika kumi akanipigia.

"Ndiye huyo. Nimesikia injini. Unamwona?"

Nilimwona kwa macho, akipanda, mweupe mwenye mstari wa kijani. Kwenye skrini palitokea ndege mahali pale pale, lakini haikuwa na jina lake. Ilikuwa na anwani tupu, ile ya herufi na tarakimu sita. Za Kenya huanza na 04C, na hiyo ilianza hivyo. Nikafungua picha ya cheti nikalinganisha. Nikalinganisha tena, polepole, tarakimu kwa tarakimu, kidole kwenye skrini.

"Baba, ya mwisho imeandikwa nane. Kwenye cheti ni B."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Nikasoma ya tatu bila kuambiwa.

Alikata simu akampigia kijana wake, ambaye alidai haiwezekani, kisha akasema subiri, kisha akasema Mwalimu samahani. Kilikuwa kitu cha dakika tano kurekebisha, lakini kwa siku zote kingebaki pale, Daktari angekuwa akitangaza anwani isiyo yake, na siku ambayo mwenye hiyo anwani angekuwa angani pia, sijui rada ingewafanyaje. Daktari alirudi Wilson akilalamika kuhusu mafuta.

Saa nne na robo akaruka tena. Baba alikuwa kwenye laini tayari.

Safari hii jina lilitokea lenyewe, 5Y na herufi zake tatu. "Ametokea," nikasema. Baba akauliza futi ngapi. Nikamsomea. Elfu tano mia saba ishirini na tano. Elfu sita mia moja. Amekata kulia. Elfu saba. Elfu saba mia sita. Baba hakuwa akiuliza tena, alikuwa akisikiliza, na mimi nikawa nasoma kila inapobadilika, kasi, upande, futi. Elfu nane mia tano, amenyooka. Alipita Dagoretti, akapita Kikuyu, kisha akaanza kushuka kuelekea bonde. Alama kwenye ramani ikasimama, ikafifia, ikafutika.

"Amepotea," nikasema.

"Hajapotea. Amepita ukingo."

Tukakaa hivyo kidogo, simu ikihesabu dakika. Nikangoja akate.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Mama amepika ndengu. Kuja. Na uje na hiyo antena yako, nataka kuishika."